Maekanagu: namna ya kuitambua, kuisafisha na kuitunza

Umeletewa kipande kidogo cha metali chenye nakshi, urefu wa sentimita 3 hadi 6 hivi. Rangi yake ni nyeusi yenye kung'aa kwa mbali kama buluu, au ya kijivu, na hapa na pale pana vidoa vya dhahabu. Labda ni joka, labda kaa, labda mzee mwenye tumbo kubwa anayecheka. Ukikigeuza unaona miguu myembamba miwili. Kabla hujakimbilia ndimu na majivu, subiri. Huenda hiyo ni maekanagu, pambo la mbele la mfuko wa tumbaku wa Kijapani, na weusi unaouona si uchafu. Hiyo ndiyo kazi ya fundi, na weusi huo ukishausugua haurudi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyerithi kitu cha namna hii, aliyekiokota mnadani, au aliyekiagiza kutoka nje na sasa hajui pa kuanzia.

Kilikotoka

Tumbaku iliingia Japani mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, ikiletwa na wafanyabiashara kutoka Ureno na Uhispania. Utawala wa kijeshi wa Tokugawa uliipiga marufuku mara kadhaa katika miaka ya mwanzo ya 1600, lakini watu walikuwa wameshaizoea. Wajapani waliikata nyembamba mno, karibu na unene wa unywele, wakaivuta kwa kiko kirefu kiitwacho kiseru: kichwa na mdomo ni vya metali, katikati ni mwanzi. Kichwa cha kiseru ni kidogo sana. Ukivuta mara mbili tatu tumbaku imekwisha, unajaza tena. Kwa hiyo mvutaji alihitaji akiba yake iwe karibu na mkono siku nzima.

Ndipo ukaja mfuko, tabako-ire, wa ngozi au kitambaa, wenye mfuniko unaokunjwa kwa mbele. Kuna uliochomekwa ndani ya kifua cha kimono, na kuna ulioning'inia kwenye mshipi wa kiunoni kwa kamba au mkufu. Ule wa kuning'inia ulizuiwa usidondoke na kifungo kikubwa kiitwacho netsuke, na kamba ikabanwa na shanga iitwayo ojime. Maekanagu ilikaa kwenye mfuniko wa mfuko, mahali pa kufungia, mbele kabisa ambapo kila mtu anaona. Kwa ndani ya mfuniko kulikuwa na mwenzake, bamba jembamba liitwalo urazagane, ambalo halikuonekana mpaka mwenye mfuko aufungue.

Enzi ya Edo (1603–1868) sheria ziliwabana wafanyabiashara wasijionyeshe kwa mavazi na majumba hata wakiwa na fedha kuliko mabwana wa panga. Basi fedha ile ikaingia kwenye vitu vidogo. Mtu alivaa nguo ya rangi iliyopooza, na kiunoni ana mfuko ambao pambo lake peke yake limemchukua fundi majuma ya kazi. Halafu mwaka 1876 serikali ya enzi mpya ya Meiji (1868–1912) ikakataza samurai kutembea na panga. Mafundi waliokuwa wakitengeneza mapambo ya panga, baadhi wakiwa wa nasaba zilizofanya kazi hiyo kwa karne kadhaa, walipoteza wateja karibu kwa mara moja. Wengi wakageukia mapambo ya mifuko ya tumbaku, vyetezo, vito na bidhaa za kuuza Ulaya na Marekani. Kano Natsuo (1828–1898), mmoja wa mafundi wakubwa kabisa wa zama hizo, alikuwa ameshachonga mapambo ya panga kabla ya kupewa kazi ya kubuni sarafu mpya za taifa. Ndiyo maana unaweza kukuta kwenye mfuko wa tumbaku ustadi uleule uliokuwa kwenye upanga.

Sigara ndiyo iliyoimaliza biashara hiyo. Kiseru ikaanza kuachwa, mifuko ikaliwa na wadudu kabatini, na mapambo yakang'olewa kuuzwa peke yake au kugeuzwa bruchi. Kwa hiyo usishangae kwamba kipande chako kimekujia kikiwa yatima.

Hatua ya 1: Anza na mgongo

Kila mtu hutazama uso kwanza. Wewe kigeuze. Mgongo ndio unaosema kitu kilikuwa nini na kimefanyiwa nini.

Tandika taulo laini mezani, vaa glavu za nitrili kama zile za hospitali (jasho la vidole lina chumvi, na chumvi huacha alama kwenye shaba), kisha tazama miguu. Maekanagu huwa na mguu mmoja au miwili inayopenya ngozi ya mfuniko na kushikwa upande wa pili na urazagane. Ncha za miguu mara nyingi zimepindwa au kugongwa. Ukiona mabaki ya ngozi, uzi, au utomvu wa kijani ulioganda kuzunguka miguu, hiyo ni dalili nzuri: kipande kimekaa kwenye ngozi muda mrefu.

Kuna ndugu wawili wanaochanganywa nayo. Wa kwanza ni menuki, pambo la mpini wa upanga. Menuki huja kwa jozi, umbo lake limepinda kidogo kufuata mviringo wa mpini, na mgongo wake una uwazi kama ganda. Menuki nyingi zilitolewa kwenye panga zikawekwa kwenye mifuko ya tumbaku, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuwa vyote viwili kwa nyakati tofauti. Wa pili ni obidome, kishikizo cha kamba ya mshipi wa kike. Huyu ana vitanzi au vijiti viwili mgongoni vya kupitishia kamba.

Ukiona pini ya bruchi, kagua pale iliposhikizwa. Lehemu ya kijivu iliyomwagika ovyo na eneo lililobadilika rangi kwa moto maana yake pini iliongezwa baadaye. Usijaribu kuitoa. Joto la kuyeyusha lehemu litaharibu rangi ya uso mzima, na bruchi hiyo nayo sasa ni sehemu ya historia ya kipande.

Hatua ya 2: Zitambue metali kwa rangi zake

Hapa ndipo mtu hupotea au huokoka, kwa hiyo tukae kidogo.

Mafundi wa Kijapani hawakupaka rangi. Walichanganya metali, kisha wakakichemsha kipande kilichokwisha katika maji yenye kutu ya shaba na salfeti ya shaba, baada ya kukisafisha na mara nyingi kukipaka figili nyeupe iliyokunwa ili rangi ishike sawasawa. Kila aloi ilitoka kwenye sufuria ileile na rangi yake.

Shakudo ni shaba nyekundu yenye dhahabu kidogo, kwa kawaida asilimia 2 hadi 5. Ikitoka kwenye dawa huwa nyeusi yenye mng'ao wa zambarau au buluu. Bila ile dhahabu, shaba ileile kwenye maji yaleyale hutoka na wekundu au kahawia. Shibuichi ni shaba na fedha, fedha ikiwa robo au chini ya hapo, na hutoa kijivu, kijivu cha kijani, au kahawia iliyofifia, kutegemea kipimo. Shaba tupu hupata wekundu wa tofali. Sentoku ni jamaa ya shaba ya njano, na hubaki na unjano uliotulia. Dhahabu na fedha tupu hukaa kama zilivyo, ingawa fedha hufifia kwa miaka. Chuma nacho kilitumika, kikapewa kwa makusudi rangi ya kahawia iliyokolea. Sumaku ndogo ya jokofu, ukiisogeza bila kuigusisha, itakuambia kama ni chuma.

Tabaka hilo la rangi lina unene wa mikroni chache tu, au pungufu. Kwa watu wa pwani waliokulia kwenye nyumba yenye kijaluba cha fedha cha uraibu, kilichosuguliwa kila Idi mpaka kikawa kioo, hili ni jambo la kujizuia nalo: kijaluba kiling'arishwa ili kipendeze, ila maekanagu ikisuguliwa hivyo inabaki kipande cha shaba kilichopoteza picha yake. Usiku uliokuwa mweusi nyuma ya mwezi wa fedha unageuka wekundu, na mwezi unapotea.

Hatua ya 3: Chukua lenzi

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha. Weka taa upande mmoja, si juu, ili mwanga ulale na kuonyesha mabonde.

Kazi ya tindo ina kingo kali. Katika mtindo wa katakiribori, fundi alilaza tindo upande mmoja ili mchoro uanze mwembamba, unenepe, kisha uishie kwa ncha, kama mchoro wa brashi ya wino. Ukifuata mstari mmoja kwa lenzi utaona jinsi kina kinavyobadilika. Hakuna mashine ya zama zile iliyofanya hivyo. Takabori ni umbo lililoinuliwa juu ya uso. Nanako ni uwanja wa vijitone vidogo vya duara, kila kimoja kimepigwa kwa msumari wenye ncha ya kikombe, mstari kwa mstari. Kwenye kazi nzuri mistari hiyo haikosei hata inapozunguka umbo.

Kisha tazama mahali rangi mbili zinapokutana. Kama dhahabu imepachikwa, kuna mpaka dhahiri, na mara nyingine unahisi kwa jicho kwamba iko juu kidogo. Kama ni mchovyo wa bei nafuu, sehemu zilizoinuka, pua, magoti, kucha, zitakuwa zimechujuka na metali moja ileile inachungulia kila mahali.

Vitundu vidogo vya hewa, kingo zilizolainika kana kwamba sabuni imeyeyuka, na mshono wa kalibu pembeni ni dalili za kumiminwa. Hapo usikate tamaa upesi wala usihukumu upesi. Mapambo ya bei ya chini yaliyotolewa kwa kalibu yalitengenezwa kwa wingi enzi ya Meiji kwa ajili ya watu wa kawaida, na hayo ni ya kale kihalali. Yasikuchukue tu fedha za kazi ya mkono.

Sahihi, kama ipo, huchongwa pembeni, kwenye urazagane, au kwenye kibamba kidogo cha dhahabu kilichopachikwa. Ipige picha, uitafutie msomaji wa Kijapani, lakini usiinunue. Majina makubwa yalighushiwa tangu zamani, na kipande kizuri kisicho na jina kinanishawishi zaidi kuliko jina kubwa juu ya kazi dhaifu.

Hatua ya 4: Soma picha

Seti ya mfuko ilipangwa kama mazungumzo. Ukimkuta Shoki, mfukuza mazimwi mwenye ndevu na upanga, jiulize zimwi liko wapi. Huenda lilijificha kwenye urazagane au kwenye netsuke. Mzee mwenye tumbo na gunia ni Hotei, mmoja wa miungu wa bahati. Aliyesimama juu ya marobota ya mpunga akiwa na nyundo ni Daikoku, mungu wa utajiri, na panya ni wake. Mnyama mmoja peke yake anaweza kuwa wa kalenda ya wanyama 12, pengine mwaka aliozaliwa mwenye mfuko.

Ndiyo sababu ya msimamo wangu katika jambo hili: kama maekanagu yako ingali kwenye mfuko wake, usiing'oe. Hata ngozi ikiwa imechoka. Hata ukiambiwa pambo litauzika vizuri zaidi peke yake. Ukiitoa umekata hadithi katikati, na miguu ile ikishanyooshwa na kupindwa tena huwa inavunjika.

Hatua ya 5: Weka kumbukumbu kabla ya kugusa

Piga picha mbele, nyuma, na pande zote nne, pamoja na rula. Pima urefu, upana, na uzito kwa mizani ya sonara kama kipande kiko huru. Andika ulikipata wapi na lini. Kulinganisha, tafuta picha za makumbusho. Jumba la Makumbusho ya Tumbaku na Chumvi la Tokyo, lililofunguliwa Shibuya mwaka 1978 na kuhamia Sumida mwaka 2015, limejikita katika vitu hivi hasa. Victoria and Albert Museum na British Museum za London, na Museum of Fine Arts ya Boston, zina kazi nyingi za metali za Kijapani kwenye hazina zao za intaneti. Ukitafuta kwa maandishi ya Kijapani, 前金具 kwa pambo na 煙草入れ kwa mfuko, utapata mengi zaidi kuliko kwa herufi zetu.

Hatua ya 6: Safisha kidogo sana

Orodha ya vitu vya kuweka mbali: ndimu, ukwaju, siki, majivu, dawa ya meno, soda ya kupikia, dawa ya kopo ya kung'arishia shaba, na mashine ya kusafishia vito ya sonara. Sonara wako anaweza kuwa hodari mno wa dhahabu na bado akaimaliza shakudo kwa dakika moja, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kuondoa weusi.

Anza na brashi laini kavu, ya vipodozi au ya rangi ya maji, ambayo haijawahi kutumika. Ondoa vumbi kwa kupapasa, ukielekeza nje ya mabonde. Vipande vingi havihitaji zaidi ya hapo.

Kama kuna uchafu wa mafuta ya mikono, na kipande hakiko kwenye ngozi, lowanisha kidogo pamba iliyosokotwa kwenye kijiti kwa maji yaliyotoneshwa (distilled water). Yale yanayouzwa kituo cha mafuta kwa kuongezea betri za gari yanafaa, ila soma chupa vizuri uhakikishe ni maji na si asidi. Jaribu pembeni au mgongoni kwanza. Bingirisha pamba, usisugue. Pamba ikitoka na weusi au wekundu wa metali, acha palepale. Kausha mara moja kwa pamba kavu na upepo wa feni, si jua.

Utomvu wa kijani ulio kama nta karibu na miguu unatokana na mafuta ya ngozi kukutana na shaba. Ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kamwe si sindano wala kisu. Na kwa sababu hiyohiyo usiipake ngozi ya mfuko mafuta, nta wala rangi ya viatu: unaongezea shaba chakula chake. Ngozi ikitoa unga mwekundu vidoleni, imeoza. Usiikunje wala kuifungua tena, iachie mtaalamu wa uhifadhi.

Jambo moja linahitaji haraka. Ukiona vidoa vya unga wa kijani kibichi kilichopauka, vinavyopukutika, huo si utomvu. Ni chumvi ya kloridi inayokula shaba kutoka ndani, na huendelea maadamu kuna unyevu. Pangusa unga kwa brashi juu ya karatasi, kiweke kipande peke yake ndani ya kopo kavu, na kitazame tena baada ya wiki mbili. Unga ukirudi, kinahitaji mhifadhi wa makumbusho. Dawa za nyumbani zitakiharibu.

Fedha iliyofifia kwenye nakshi iache. Kuifikia bila kugusa shakudo iliyo kando yake hakuwezekani kwa mkono wa mtu asiyefunzwa.

Hatua ya 7: Mahali pa kukaa

Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, hewa yetu ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima na upepo wa bahari unabeba chumvi. Rafu ya sebuleni iliyo mkabala na dirisha ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Tumia kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana. Ndani weka karatasi laini nyeupe isiyo na asidi, kipande chako, na vifuko vya silika jeli. Vifuko vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu huwa vimeshashiba unyevu, kwa hiyo nunua punje zinazobadilika rangi, zile za rangi ya chungwa, uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kila zikibadilika. Ongeza kipima unyevu kidogo. Metali iliyo huru iwe chini ya asilimia 40. Ikiwa ingali kwenye mfuko wa ngozi, lenga asilimia 45 hadi 50 bila kupandapanda, maana ngozi iliyokauka kupita kiasi hupasuka.

Usiifunge kwa sufu, mpira, wala gazeti: sufu na mpira hutoa salfa inayotia fedha weusi, na gazeti lina asidi. Wajapani wenyewe huhifadhi vitu hivi kwenye visanduku vya mbao nyepesi ya kiri. Kama kipande chako kimekuja na kisanduku chake, hasa chenye maandishi kwenye mfuniko, kitunze nacho, kavu vilevile.

Ukitaka kununua

Omba picha ya mgongo. Muuzaji anayetoa picha kumi za uso na hata moja ya mgongo ana sababu. Uliza kama kipande kimesafishwa na kwa nini. Ukiona kimeandikwa "kimeng'arishwa" kama sifa, pita.

Na kama unanunua mfuko mzima, uliza netsuke na ojime ni za kitu gani kabla ya kulipa. Nyingi ni za pembe za ndovu, na nyingine ni za gamba la kasa. Tembo wa Afrika aliwekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika mkutano wa mwaka 1989, na kuingiza au kuuza pembe bila kibali ni kosa zito Kenya na Tanzania. Neno la muuzaji kwamba kitu ni cha kale halikulindi forodhani. Pembe ya ndovu iliyokatwa huonyesha mistari membamba inayopishana kama nyavu. Ukiiona kwenye picha, ama pata vibali vya nchi zote mbili kwa maandishi kwanza, ama chagua seti nyingine. Zipo zenye netsuke za mbao, na zipo zenye kagamibuta, netsuke ya duara yenye kifuniko cha metali kilichochongwa kuendana na maekanagu. Kagamibuta pia huweza kuwa na bakuli la pembe chini ya kile kifuniko, kwa hiyo iombe picha ya upande wa chini nayo.